Kabla hujanunua dadu: niliyojifunza mezani na mtandaoni

Vijana wanaotaka kuanza kucheza Dungeons & Dragons hapa Dar es Salaam huniuliza kwanza watapata wapi vitabu na dadu. Nawajibu wasinunue kitu. Watafute watu wanne wanaoelewana, na jioni moja kwa wiki ambayo wote wanne wako tayari kuipigania isichukuliwe na kikao cha harusi, foleni wala zamu ya kazini. Nimecheza mezani na nimecheza mtandaoni, nimeona meza zikifa na nyingine zikidumu, na sijaona hata moja iliyokufa kwa kukosa vifaa.

Kwa asiyeujua mchezo: ni hadithi inayotungwa na watu waliokaa pamoja. Mmoja ni mwendeshaji. Yeye anaeleza mahali, watu wanaoishi pale na hatari iliyopo. Waliobaki, kila mmoja ana mhusika wake, awe mpiganaji, mchawi, mwizi au mponyaji, naye anasema mhusika huyo anafanya nini. Ukitaka kufanya jambo linaloweza kushindikana, unarusha dadu ya pande 20, unajumlisha na uwezo wa mhusika wako, kisha jumla inapimwa na namba ya ugumu: 10 kwa jambo jepesi, 15 kwa la wastani, 20 kwa gumu. Mamia ya kurasa za kanuni yamejengwa juu ya hapo. Mchezo ulichapishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliokuwa wakicheza vita kwa sanamu ndogo za askari mezani, na mpaka leo ukisoma sura ya mapigano unaiona asili hiyo.

Nilipoanza, nilipiga hesabu. Vitabu vya msingi vya toleo la tano ni vitatu, na kila kimoja bei yake ya jalada ilikuwa dola 49.95. Kwa viwango vya 2023 hicho kimoja tu ni karibu shilingi 120,000 kabla ya nauli na ushuru. Nilikuwa na kodi ya nyumba na mdogo wangu anasoma. Haikuwezekana, na sasa nashukuru haikuwezekana, kwa sababu ilinilazimu kutafuta njia nyingine na njia hiyo ndiyo ninayowapa wengine.

Njia yenyewe ni halali kabisa. Januari 2023 rasimu ya leseni mpya kutoka Wizards of the Coast, kampuni inayoumiliki mchezo tangu ilipoinunua TSR, mchapishaji wake wa kwanza, mwaka 1997, ilivuja. Ingeondoa leseni ya wazi iliyokuwepo tangu 2000 na kuwabana waliokuwa wakitunga na kuuza hadithi zao kwa kutumia kanuni zile. Wachezaji wakawaka, wengi wakafuta usajili wao wa kulipia, na tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ikarudi nyuma: kanuni za msingi, yaani System Reference Document 5.1, zikawekwa chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu mtu yeyote kuzitumia mradi ataje zilikotoka. Leseni hiyo haiwezi kufutwa. Kwa mtu wa huku maana yake ni kubwa. Unapakua bure, unachapisha, unatafsiri kwa Kiswahili, na hata ukitaka kuuza tafsiri yako hakuna wa kukuzuia. Usichapishe zote lakini. Nenda steshenari na kurasa za kuunda mhusika, za mapigano, na za uchawi wa ngazi ya kwanza. Nyingine mtazisoma kwenye simu mkizihitaji.

Dadu tulitengeneza kwa vizibo vya soda. Vizibo ishirini, kila kimoja namba yake imeandikwa kwa maka peni upande wa ndani, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Unatikisa, unachomoa kimoja bila kuangalia. Nafasi ya kupata 20 ni moja kati ya ishirini, sawasawa na dadu ya dukani, ila kwa sharti moja: kizibo kirudi kopon​i kabla ya mwingine kuchomoa. Tuliwahi kucheza nusu ya jioni huku namba 20 iko chini ya mkeka, na watu wakaanza kudhani wana mkosi. Siku hizi mwendeshaji anavihesabu kabla ya kuanza. Simu pia zina programu za kurusha dadu na zinafanya kazi vizuri, lakini nimeona kitu: mtu akibonyeza kioo, wengine hawaangalii. Akiingiza mkono kopon​i, meza nzima inanyamaza.

Sasa watu. Fikra ya kawaida ni kuwatafuta wanaopenda gemu. Mimi nilifanikiwa zaidi kwa kuwatafuta wanaopenda kusimulia. Meza yetu ilikuwa na fundi simu wa Kariakoo, mwalimu wa shule ya msingi, shemeji yangu, na binti wa jirani aliyekuwa mwaka wa pili chuoni. Wanne. Mara moja tulijaribu kuwa saba, ikawa mateso: kwenye mapigano kila mtu anangoja wengine sita wamalize, na kabla zamu haijamrudia ameshafungua WhatsApp. Wanne au watano wanatosha.

Mwalimu ndiye aliyenishangaza. Hakuwahi kushika gemu maishani mwake, hakujua hata joka la kizungu linafananaje, lakini alikuwa akisikiliza. Usiku mmoja walifika kwenye geti la mji uliofungwa kwa hofu ya maharamia. Fundi anataka kupanda ukuta, shemeji anataka kumpiga mlinzi. Mwalimu akauliza, "Huyu mlinzi amekula?" Sikuwa nimeandaa jibu. Nikasema hajala tangu asubuhi. Akatoa andazi kwenye mzigo wa mhusika wake, akakaa naye chini, akamwamkia vizuri, akamuuliza habari za watoto. Nilimpa ugumu wa 10 badala ya 15, akachomoa 12, geti likafunguka. Katika kanuni kuna sura ndefu ya silaha, na andazi halimo. Mchezo uko hivyo, na nawaomba waendeshaji wapya walikubali hilo mapema: mchezaji akileta jambo jema ambalo hukulifikiria, mpe nafasi.

Kuhusu kuendesha. Kazi ya mwendeshaji inachosha, na watu hawaambiwi. Mwanzoni nilikuwa naandika kurasa na kurasa katikati ya wiki, majina ya wafalme na vita vya karne zilizopita, na wachezaji wanageukia upande mwingine kabisa. Iliyonifaa baadaye ni kuandaa mambo matatu tu: wako wapi, nani pale anataka nini, na nini kitatokea iwapo wao hawatafanya lolote. Hilo la tatu ndilo linalosukuma hadithi. Nililipata kwenye historia yetu wenyewe. Ulimwengu wetu tuliujenga juu ya Kilwa Kisiwani ya karne ya 14, enzi ya dhahabu ya Sofala na kasri la Husuni Kubwa, mji aliofika Ibn Battuta mwaka 1331. Majahazi yameletwa na kaskazi, na kusi likianza yataondoka. Wachezaji wakizubaa, chombo kinang'oa nanga na mtu wanayemtafuta akiwa ndani. Sikuhitaji kuwaambia wafanye haraka. Upepo ulikuwa ukibadilika, nao wanaujua.

Watu wengi huku wanaanza na misitu ya theluji na baa za mbao kwa sababu ndivyo zilivyo hadithi zinazouzwa. Hazina ubaya, nami nimezicheza nikafurahi. Lakini siku tulipohamia pwani, na mhusika anakunywa kahawa barazani, na sisi tunaanza kila jioni kwa paukwa na pakawa, watu waliacha kuigiza sauti za filamu wakaanza kuzungumza. Shemeji, ambaye mpaka hapo alikuwa akisema tu "napiga", alimtukana haramia kwa ufundi ambao sijawahi kuusikia nje ya Tanga.

Jambo la dini lazima niliseme wazi, kwani limevunja meza nyingi ninazozijua. Mama yangu aliposikia majoka na mapepo kutoka sebuleni alikuja akasimama mlangoni. "Mwanangu, hao mnaowataja humu ndani, mnajua mnamwita nani?" Hofu hiyo haikuanzia kwetu. Marekani miaka ya 1980 wazazi na makanisa waliupiga vita mchezo huu kwa madai ya ushetani, mpaka toleo la pili la mwaka 1989 likaondoa majina ya mapepo na mashetani kitabuni. Sikubishana na mama. Nilimvutia kiti, wachezaji wakamwamkia shikamoo mmoja mmoja, tukaendelea.

Jioni ile kulikuwa na zimwi linalolinda kisima, na wanakijiji wanataka liuawe. Wachezaji walipanga shambulio muda mrefu: nani atapita nyuma, nani atawasha moto. Mama akashindwa kuvumilia. "Sasa mbona hakuna aliyemuuliza anakaa pale kwa nini?" Binti wa jirani akaangalia karatasi yake, akasema, "Mama, nakwenda kumuuliza mimi." Akachomoa 17. Zimwi likamwambia mwanawe amezikwa kando ya kile kisima. Hakuna aliyepigana usiku ule. Wiki iliyofuata mama aliniuliza, ametoka kanisani, kama wanakijiji wamekubali kuchimba kisima kingine.

Ushauri wangu kwa hiyo ni huu: mzazi au mwenza mwenye wasiwasi msimfiche, mkaribisheni akae asikie. Na kabla ya yote kaeni kikao kimoja bila kucheza, kila mtu aseme jambo asilotaka liwepo. Kwetu mmoja alikataa kabisa habari za kuita pepo, mwingine alikataa ukatili kwa watoto. Tuliyatoa, na hadithi haikupungua kitu.

Halafu kalenda. Hapa ndipo meza zinapofia. Mtu anahamishwa kikazi, mwingine ana mtoto mchanga, mwingine anafanya mtihani. Mkisema "tutacheza wote tukipata nafasi", hamtacheza tena. Sisi tuliweka Jumamosi saa kumi jioni, na kanuni kwamba wakifika watatu tunaanza. Asiyekuwepo, mhusika wake amebaki kulinda jahazi. Hakuna kumlaumu, hakuna kumpigia simu mara sita. Soda na vitafunwa ni vya zamu, na mwendeshaji halipi, kwa sababu ameshalipa kwa usiku wake wa Ijumaa.

Shemeji alipokwenda kufanya kazi Muscat na mwalimu akahamia Mwanza, tulihamishia meza mtandaoni. Tulitumia Discord kwa sauti na Roll20, meza ya mtandaoni ya ramani na dadu, ambayo inafunguka kwenye kivinjari na akaunti yake ya kawaida ni bure. Muscat wako mbele yetu saa moja tu na mapumziko yao ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo siku haikubadilika. Yaliyotusumbua ni mengine. Video inamaliza bando na inakwama, basi tukaizima wote. Sauti peke yake inakula kidogo na inatosha. Ramani zenye picha nzito zinamfungia nje mwenye simu ya kawaida, basi nikachora kwa mkono na kupiga picha. Ugumu mkubwa ni kwamba mtandaoni huoni uso. Mezani unajua mtu anataka kusema. Kwenye sauti wawili wanasema pamoja, wote wananyamaza, na mpole haongei tena jioni nzima. Ikabidi niwe nawaita kwa zamu: "Mwalimu, wewe unafanya nini hapo?" Kipindi nacho kipungue. Saa tatu za mezani ni raha, lakini mbili za kwenye spika za masikioni zinatosha kuchosha kichwa.

Kisha Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zikakatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kubahatisha kwa siku nyingi. Tuliobaki Dar tukarudi kwenye kopo. Shemeji tulimtumia hadithi kwa ujumbe wa sauti mtandao ulipokubali, naye akajibu kwa sauti mhusika wake anafanya nini, hata kama jibu lilifika kesho yake. Tumeendelea na utaratibu huo mpaka leo kwa yeyote aliye safarini. Jaribuni kabla hamjalazimika.

Gemu kubwa za mtandaoni ni habari nyingine, na hapo ningependa kusikilizwa kwa makini. Nilicheza World of Warcraft, iliyoanza Novemba 2004, kwenye seva ya Ulaya, nikiwa mponyaji katika chama cha watu wa nchi nyingi. Wale walikuwa rafiki zangu wa kweli. Nilipougua malaria, jamaa mmoja wa Poland aliniulizia kila siku mpaka nilipopona. Ndani ya reidi, yaani shambulio la kundi dhidi ya adui mkubwa, ya ngazi ya juu kabisa, ambayo inahitaji watu 20 kamili, kuna furaha ambayo meza haiwezi kuitoa: watu ishirini wasiowahi kuonana wanasogea kwa pamoja bila kukosea, na adui aliyewashinda wiki nzima anaanguka. Nilisimama nikapiga kelele, nikaamsha nyumba.

Gharama yake haiko kwenye ada ya yuro 12.99 kwa mwezi. Reidi ilianza saa 20:00 ya Ulaya ya kati, yaani saa nne usiku Dar miezi ya baridi yao, ikaisha saa saba. Machi wanaposogeza saa zao mbele inakuwa saa tatu, Oktoba inarudi tena saa nne. Mimi daladala yangu ni saa kumi na mbili asubuhi. Na chama hakiwezi kukungoja, kwa sababu watu ishirini ni ishirini. Ukikosa, kumi na tisa wamekaa. Ile hali ya kudaiwa inakuvuta kuliko mchezo wenyewe. Juu yake gemu imetengenezwa isiishe: kuna kazi za kila siku, kuna za kila wiki zinazoanza upya kila Jumatano, na usipoingia unahisi umepoteza. Mezani mwendeshaji anasema "tuishie hapa", watu wanasimama na kutafuta viatu. Kule hakuna anayekwambia hivyo. Nilipungua, nilikuwa mkali nyumbani, na nilipoondoka nilihuzunika kwa miezi kama niliyehama mtaa niliokulia.

Sisemi msicheze. Ningeanza tena, kwa masharti. Anza na sehemu ya bure, ambayo inafika ngazi ya 20, ujue kwanza kama kasi ya mtandao wako inaruhusu. Kutoka Dar hadi seva za Ulaya mtandao wangu ulichelewa karibu milisekunde 200, na kwa mponyaji ilivumilika. Gemu yenyewe ni makumi ya GB, ipakue kwa bando la usiku. Lipia mwezi mmoja mmoja, usiruhusu kadi ikatwe yenyewe. Siku ya kwanza mwambie kiongozi wa chama ni usiku mingapi kwa wiki unaweza, na uwe tayari kukosa nafasi kwa jibu hilo, kwani chama kitakachokukubali kwa idadi hiyo ndicho chama chako. Usinunue dhahabu, yaani pesa ya ndani ya gemu, kwa mtu asiyejulikana, maana akaunti ikifungwa hakuna wa kukusikiliza, na weka ulinzi wa hatua mbili kabla hujatengeneza hata mhusika. Asiyetaka ada ya mwezi anaweza kujaribu Guild Wars 2, na mwenye simu tu ana Old School RuneScape, ambayo imekuwa kwenye simu tangu 2018 na haihitaji mashine kubwa. Kijana wako akicheza, vaa spika zake jioni moja usikilize anazungumza na nani.

Mezani nimebadilisha jambo moja kutokana na hayo yote. Hatuanzi tena hadithi isiyo na mwisho. Tunakubaliana mwanzoni ni kisa cha msimu mmoja, kuanzia kaskazi hadi kusi, na kusi likifika tunamaliza, aliyeshinda ameshinda na aliyekufa amekufa. Mwenye harusi anajua anapumzika lini, na mgeni ana mahali pa kuingilia. Msimu huu sikuendesha mimi. Kiti amekalia binti wa jirani, ambaye sasa amemaliza chuo, na mimi ni baharia wa ngazi ya kwanza mwenye uhai wa pointi tisa. Jumamosi iliyopita nilichomoa 3 nikatumbukia baharini mbele ya Songo Mnara, na wiki hii naangalia kama mwalimu atanirushia kamba kutoka Mwanza.